Nimeisafisha kompyuta ya duka, sasa inalia tu na kioo ni cheusi

SWALI

Assalamu alaykum Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa Wete, Pemba. Nina duka dogo la steshenari: nachapa, natoa kopi, najaza fomu za watu. Kompyuta ninayofanyia kazi ni ya mezani, Dell ya mtumba, na aliyeninunulia ni kaka yangu aliyeko Muscat. Kwa kasha lile ndipo tunapokula mimi, mama na wanangu wawili.

Msimu huu wa karafuu jirani zangu wanaanika majamvi mpaka karibu na mlango wa duka, na upepo ukivuma vumbi lote la makonyo linaingia ndani. Kompyuta ikaanza kuunguruma, kisha ikawa kila ikifika mchana inajizima yenyewe nikiwa katikati ya kazi. Nikaona watu kwenye simu wanafungua kompyuta zao na kuzisafisha, nikasema na mimi nijaribu.

Ijumaa baada ya sala, duka limefungwa, nikachomoa waya zote nikafungua ubavu wa kasha. Vumbi lilikuwa limegandana kwenye feni mpaka huoni mapanga yake. Brashi yangu haikufua dafu, nikalibeba kasha mpaka kwa fundi pancha akalipuliza kwa upepo wake wa kujazia tairi. Vumbi likatoka lote. Niliporudi nikachomoa ramu zote mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nikazifuta kwa kitambaa nilichokitia maji ya sabuni nikakikamua. Halafu nikafungua skrubu za ile feni kubwa ya juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, pamoja na bonge lake la bati. Chini yake nikakuta uchafu mweupe mkavu, kama dawa ya meno iliyokauka, nikaukwangua na kuufuta mpaka pakang'ara. Nikarudisha kila kitu nilivyokikuta.

Tangu hapo, nikibonyeza kitufe taa inawaka na feni zinazunguka, lakini kioo ni cheusi na kinaandika kuwa hakipati ishara. Na ndani ya kasha kunatoka mlio: pii, pii, pii, unanyamaza kidogo, unaanza tena. Nimebadilisha soketi, nimebadilisha waya wa umeme, nimewasha na kuzima mara zisizo idadi. Ni ule ule.

Kijana wa jirani anasema nipige Windows upya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Chake Chake. Hakuifungua. Aliiwasha, akasikiliza, akaniambia mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani, imeungua kwa maji, atanitafutia nyingine kwa shilingi 250,000, ila nimwachie kasha zima. Pesa hiyo sina, nikarudi nalo. Wifi yangu anashauri tulipakie melini Mkoani lipelekwe Unguja, Darajani, kwa mafundi wakubwa.

Lakini Mwalimu, humo ndani mna mitihani ya muhula ya skuli moja hapa Wete, niliyopewa kuchapa, na watoto bado hawajaifanya. Mna vyeti vya vijana wanaoomba mkopo wa chuo. Nikimwachia mtu kasha, nimemwachia na hivyo. Na kaka kila wiki ananipigia kuuliza duka linaendaje, namjibu salama tu. Mama anasema nisimwambie mpaka itengemae. Usingizi siupati.

Bisibisi ninayo, na nikielekezwa nafuata. Nifanyeje?

Mwenye steshenari, Wete

JAWABU

Waalaykumu ssalaam mwanangu,

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Huo mlio ni habari njema. Kompyuta ikiwashwa, kabla hata haijaikumbuka Windows, mazabodi hujikagua yenyewe: huitafuta prosesa, huitafuta ramu, hutafuta pa kutolea picha. Ikikosa kimojawapo na haiwezi kukuandikia kwenye kioo, hulia. Na ili ilie, kwa kawaida ni lazima umeme uwe unaifikia sawasawa na ile programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi iwe inafanya kazi. Mazabodi iliyoungua kabisa hukaa kimya. Yako inalalamika, na kwa mashine nyingi, lalamiko la mlio unaojirudia namna hiyo huku kioo kimekaa cheusi huanzia kwenye ramu.

Ramu ndiyo uliyoichomoa kwa mkono wako. Ijumaa asubuhi kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, jioni haifanyi. Kilichopita katikati ni bisibisi yako, kitambaa chako na upepo wa fundi pancha. Basi tutairudia njia ile ile uliyopita, kitu kimoja kimoja, na mpaka tuimalize usinunue chochote.

Kwanza acha kuiwasha. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ule upepo wa tairi. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwingi. Kompresa inapoikandamiza, unyevu hugeuka maji na kutuama chini ya tangi, na fundi asipoyafungulia mara kwa mara hutoka pamoja na upepo, tena yamechanganyika na mafuta kidogo ya mashine. Kwa tairi hayana madhara. Kwa kompyuta hujificha chini ya vipande vidogo vidogo vya mazabodi na ndani ya sloti, yale matundu marefu ya kuchomekea ramu, mahali ambapo jicho halifiki. Maji yakikauka umeme ukiwa haupo, aghlabu hayaachi madhara makubwa. Yanayoharibu ni umeme kupita yakiwa bado yamo, na hewa ya pwani ikiongeza chumvi yake, shaba hushika kutu haraka.

Kwa hiyo chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani utoke. Fungua ubavu. Kwenye mazabodi utaona betri ya duara, ya saizi ya CR2032, ichomoe nayo, kwa sababu hata waya ukiwa umetoka, hiyo volti 3 yake inaendelea kulisha sehemu ya ubao. Laza kasha ndani ya chumba chenye feni ya kawaida na uliache siku mbili. Usilianike juani, na usilipulizie kikausha nywele cha moto. Kuna watakaokwambia uzike vipande kwenye mchele: usithubutu, unga wake utajaa kwenye sloti. Siku ya pili chukua tochi ya simu umulike mazabodi polepole. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kwenye chuma, hapo ndipo maji yalipokaa, na hapo ndipo pa kupitishia brashi laini yenye spiriti, ile nitakayokueleza hapo chini.

Sababu ya pili ni ule uliouita uchafu mweupe. Ile ilikuwa ni pesti ya joto, na imewekwa kwa makusudi. Uso wa prosesa na uso wa lile bonge la bati, hitisinki, unaviona vimenyooka, lakini vina vinyufa vidogo sana, na vikikutana hewa hubaki katikati. Hewa haipitishi joto vizuri. Pesti hujaza vinyufa hivyo ili joto litoke kwenye prosesa liende kwenye bati, kisha feni ilipeperushe. Umefuta daraja hilo, na kila unapowasha, prosesa inapata moto pasi na pa kuupeleka.

Usihofu, siamini kwamba umeiua. Prosesa za miaka hii zina ulinzi wake: zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na zikizidi hujizima kabla hazijaungua. Tena kukosa pesti peke yake hakuelezi kioo kuwa cheusi tangu sekunde ya kwanza. Kompyuta isiyo na pesti kwa kawaida huwaka, picha ikaja, ndipo joto likapanda ikazima. Hizi kwako ni shida mbili tofauti, na mlio, kwa dhana yangu, ni wa ile ya ramu. Ila zote mbili zimalizwe kabla ya kuwasha tena.

Na nikupe haki yako: kule kujizima mchana, kwa ulivyoeleza, kulikuwa ni joto. Feni imezibwa na vumbi la makonyo na pesti imekauka mpaka inakwanguka, lazima mashine izime. Kuisafisha kulihitajika, na pesti hiyo ilikuwa imeshafika wakati wa kubadilishwa hata kama usingeifuta. Katika yote, uliyokosea ni maji, upepo, na kutoweka pesti mpya.

Tafuta bomba dogo la pesti ya prosesa. Wauza vifaa vya kompyuta wanalo, na kama Wete halipo, Chake utalipata au utaagiza Unguja kwa mtu anayekuja. Usidanganyike kuweka kitu kingine badala yake, si grisi, si mafuta ya mgando. Futa uso wa prosesa na uso wa hitisinki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, ulichokitia spiriti kidogo. Spiriti ninayoisema ni isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ulizia duka la dawa. Ile ya rangi ya kuwashia jiko usiitumie. Weka pesti katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya mbaazi, usiipake kwa kidole. Shusha hitisinki wima, bila kuitelezesha, kisha kaza skrubu kwa mkingamo: hii kidogo, ya pembe iliyo mkabala nayo kidogo, mpaka zote zikaze sawa. Rudisha waya wa feni hiyo mahali pake kwenye mazabodi. Ila prosesa yenyewe usiinyanyue, na kile kishikio cha chuma kinachoibana usikifungue. Katika mashine nyingi za aina yako pini zimo kwenye kitako chake, nyembamba mno, na ukipinda moja tu ndipo maneno ya kununua mazabodi yatakuwa ya kweli.

Sasa ramu, na hapa nakuomba utulie.

Kabla ya kushika kitu gusa bati tupu la kasha kwa mkono. Kwetu hewa ni ya unyevu, umeme tuli haututesi kama unavyowatesa watu wa nchi kavu, lakini kugusa bati hakukugharimu chochote. Chomoa ramu kwa kubonyeza vishikizo vya ncha zake, itapanda yenyewe. Igeuze uutazame ule ukingo wa rangi ya dhahabu. Umeifuta kwa maji ya sabuni, na sabuni ikikauka huacha utando ambao huwezi kuuona, lakini umeme unauona. Chukua raba nyeupe laini ya penseli, sugua ukingo huo taratibu, pande zote mbili, ukiwa mbali na kasha ili makombo yasianguke ndani. Malizia kwa kitambaa cha spiriti. Usiuguse tena kwa vidole, jasho la mkono lina chumvi. Sloti zenyewe zipitishie brashi kavu laini, uhakikishe hakuna uzi wa kitambaa uliobaki.

Katika ukingo wa ramu kuna mkato mmoja ambao hauko katikati kabisa. Uelekeze kwenye kizuizi kilichomo ndani ya sloti. Ukiwa umeigeuza haitaingia, na usiilazimishe. Ikiwa imelingana, weka dole gumba kila ncha na ukandamize. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko unavyodhani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaogopa kuvunja, wanaishia katikati. Upande mmoja unaingia, wa pili unabaki umeinuka kwa unene wa kadi ya simu, na ukitazama kwa juu unasema imekaa. Kandamiza mpaka usikie "kach" na vishikizo vijifunge vyenyewe bila wewe kuvisukuma. Kisha inama, weka jicho usawa wa sloti, mulika na tochi. Mstari wa dhahabu ukiuona umezama upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, ramu haijaingia, itoe uanze tena.

Anza na ramu moja tu. Ya pili iache juu ya karatasi kavu. Rudisha betri ya duara, chomeka umeme, washa. Ikilia, zima, chomoa waya ukutani, ihamishie sloti nyingine. Ikilia tena, weka ile ya pili mahali pake. Kwa kuzungusha hivyo utajua kama mgonjwa ni ramu moja, sloti moja, au zote mbili zilikuwa hazijakaa tu. Kila unapobadilisha, waya wa umeme uwe nje. Swichi ya ukutani kuwa imezimwa haitoshi.

Kabla ya jaribio hilo la kwanza pitisha jicho kwenye waya za umeme za ndani. Kile kichwa kipana kiwe kimezama chote. Kuna kingine kidogo, aghlabu cha matundu 4, karibu na prosesa: kikilegea au kusahaulika, feni zote huzunguka kwa furaha na kioo hubaki cheusi, na kwa kuwa kimejibanza pembeni ndicho kinachosahaulika zaidi. Waya wa monita nao uchomoe uuchomeke upya, nyuma ya kasha na nyuma ya monita.

Picha ikija, huenda ikakwambia saa na tarehe zimepotea. Hilo ni kwa sababu ya betri tuliyoichomoa, rekebisha uendelee. Iache kasha likiwa wazi kwa nusu saa huku ukiitazama ile feni ya prosesa kama inazunguka bila kukwaruza, ndipo urudishe ubavu.

Kioo kikibaki cheusi lakini mlio ukabadilika, hayo ni maendeleo, inakwambia jambo jingine. Dell nyingi pia huwasha taa ya rangi ya chungwa kwenye kitufe na kuipepesa kwa mpangilio maalumu, na kila mpangilio una maana yake kwenye kitabu cha modeli hiyo. Hesabu mara inazolia na mara inazopepesa, uandike.

Ikitokea siku haina uhai kabisa, si taa wala feni, tazama nyuma karibu na panapoingia waya wa umeme: Dell nyingi zina kitufe kidogo hapo, ukikibonyeza na taa ya kijani ikawaka, pawa saplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani, aghlabu ni nzima. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue kwa hali yoyote. Umeme wetu ni wa volti 230, na ndani ya kile kiboksi hugeuzwa na kuhifadhiwa kwa zaidi ya volti 300, ambazo zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Na kama nyuma yake kuna kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, hakikisha brashi haikukisogeza. Kibaki 230 siku zote.

Kijana wa jirani mshukuru kwa nia yake, ila kupiga Windows hakuhusiani na hili. Mashine haijafika hata kwenye kuitafuta Windows, na ungepiga ungefuta mitihani ya watu bila kutibu kitu.

Kuhusu fundi wa Chake Chake, sisemi kuwa ni muongo. Maji huweza kuharibu mazabodi kweli, na inawezekana mwisho wa safari tukamkuta alikuwa sahihi. Lakini hukumu ya kununua kitu cha shilingi 250,000 haitolewi kwa kusikiliza kasha lililofungwa. Ukirudi kwake au kwa mwingine, mwombe aifungue mbele yako na ajaribu ramu anayoijua kuwa ni nzima, katika kila sloti. Ikilia vile vile kwa ramu nzima, sloti zote, waya zote zimekaa, hapo nami nitaanza kuitilia shaka mazabodi. Na hata hapo, kwa mashine za Dell mazabodi mara nyingi ina umbo lake na matundu yake ya umeme, huwezi kuweka yoyote tu, kwa hiyo ulizia kwanza bei ya kasha zima la mtumba la modeli hiyo hiyo. Mara nyingine linakuja kwa bei isiyo mbali na ya mazabodi peke yake, nawe unahamisha diski yako tu. Safari ya Mkoani mpaka Darajani iwe ya mwisho kabisa. Kupanda na kushuka melini ni misukosuko, na unaloweza kulifanya mezani kwako halihitaji nauli.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo, kusema kweli, ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Umekataa kumwachia mtu kasha kwa sababu ya mitihani ya watoto. Umefanya jambo kubwa, mwanangu, na uendelee hivyo. Ila njia ipo. Mitihani hiyo haimo kwenye mazabodi wala kwenye ramu, imo kwenye diski, na katika uliyoyataja yote hukutaja kuigusa. Diski kwa kawaida imeunganishwa kwa waya mbili tu, mmoja wa umeme na mmoja wa data. Vichomoe kwa kushika vichwa vyake, itoe diski, ifunge kwenye kitambaa kikavu uiweke ndani kwako. Kasha lisilo na diski mpelekee fundi yeyote. Vipimo nilivyokutajia havihitaji diski hata kidogo. Ukitaka mafaili mapema, kuna waya wa kuunganisha diski ya SATA na tundu la USB, unaichomeka kwenye laptopu ya mtu unayemwamini, wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo, unanakili kwenye flashi yako.

Mwalimu aliyekupa mitihani mwambie leo. Mwambie mashine inaumwa na diski iko mikononi mwako. Yeye ndiye mwenye haki ya kuamua kama asubiri au aandae mingine, na akiambiwa siku ya mtihani atakuwa ameonewa. Na wale vijana wa mkopo wasikusubiri: maombi hujazwa mtandaoni, kilichomo kwako ni nakala za vyeti, na vyeti vyenyewe wanavyo majumbani. Waende wakavipige upya kwa jirani yako wa biashara. Utakosa pesa kidogo ya wiki hii, lakini tarehe ya mwisho haimsubiri mtu.

Kaka yako mpigie wewe, usingoje apige. Mama anataka kukulinda na maneno, namuelewa, lakini kila ukisema salama unajiongezea deni la kueleza. Mweleze kwa mpangilio: ilikuwa inajizima kwa vumbi, ukaisafisha, sasa inalia, unaifuatilia hatua kwa hatua, bado hujanunua kitu. Usiianze habari kwa kuomba pesa. Mtu aliyekununulia mashine kutoka mbali atapenda kujua kwamba unaijua mashine yako kiasi hicho. Na kama itathibitika kuwa ni ramu iliyokufa, yeye ndiye aliye karibu na maduka. Mpigie picha kile kibandiko kilicho juu ya ramu, apate ya aina ile ile ampe mtu anayekuja.

Msimu wa karafuu haujesha na vumbi litarudi, kwa hiyo kasha liondoe sakafuni, liweke juu ya meza upande usiotazama mlango. Kila mwezi lipulizie kwa kipulizio kidogo cha mkono au brashi kavu ya rangi ambayo haijatumika, nje ya duka, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa na upepo mkali hukimbia kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Nguo ya kufunikia iwe ni ya usiku, kompyuta ikiwa imezimwa.

Ukishaikausha na kuweka ramu moja moja, niandikie tena. Nitajie modeli iliyo kwenye kibandiko cha kasha, inalia mara ngapi kabla ya kunyamaza, na ni ramu gani katika sloti gani ilipolia. Nikiwa na hayo matatu nitajua nikupeleke wapi.